Tupeane uzoefu: Kuchangia na kuchangisha hela za kampeni kwa simu

Wakuu, habari zenu. Tangu CHADEMA hapa Tanzania waanze Tone Tone, kampeni yao ya kuchangisha hela za chama, mwaka 2025, habari ya kuchangia siasa kwa simu imefika mpaka vijiweni. Waliowahi kuchangia au kuchangisha, tupeni uzoefu.

Naanza mimi. 2020 nilishika hela za kampeni ya udiwani huku Kanda ya Ziwa. Grupu la WhatsApp lilijaa wana-kata walioko Dar na Mwanza. Mwanzoni ni "tuko pamoja" tu, hela haiji. Ilianza kuingia nilipoweka orodha kila jioni: jina, kiasi, na chini yake matumizi, yaani mafuta ya pikipiki, kukodi spika, nauli za mawakala. Mama mmoja muuza samaki, mwenye simu ya kitochi, alituma 2,000 kisha akanipigia usiku nimsomee jina lake. Kesho yake wenzake wa mwaloni nao wakachangia.

Mtu wa Ngara, Nairobi: Mimi 2017 nilimchangia mwanaharakati Boniface Mwangi alipowania ubunge wa Starehe hapa Nairobi kwa Ukweli Party. Twitter ilikuwa moto. Lakini ukishuka mitaa ya Ziwani au Landimawe unaulizwa, "Mheshimiwa anatuachia nini?" Sisi tumezoea harambee ambapo mwanasiasa ndiye anayetoa. Kumweleza mtu kwamba safari hii ni yeye anayeombwa mia moja kulichukua muda kuliko kumweleza sera. Na wengi waliokuwa wakimsifu mtandaoni hawakuwa wapiga kura wa Starehe. Mwanamuziki Jaguar ndiye alishinda. Hata hivyo sijutii, kwa sababu hela ile haikumfanya mgombea kuwa mali ya tajiri yeyote.

Kampala Road: Wakuu, msisahau kwamba serikali inaweza kuzima. Hapa Uganda, 18 Februari 2016, siku ya kura, tuliamka Facebook, Twitter na WhatsApp zimefungwa, na huduma za pesa kwa simu nazo hazifanyi kazi. Wenye VPN walirudi kuchati, lakini VPN haikutolei hela. Mawakala walishinda vituoni na njaa ilhali hela ya chakula iko kwenye simu. 2021 ilikatwa intaneti nzima. Ushauri wangu: hela ya siku ya kura itolewe taslimu mapema, ifike kwa wakala mkononi.

Binti Kilwa: Matapeli je? Kwetu picha ya mgombea ilisambazwa na namba isiyo yake. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si la kampeni, acha.

Mleta mada: Asanteni. Niongeze swali: hapa Tanzania Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka gharama na michango itolewe hesabu. Kuna aliyewahi kuandaa hesabu hizo zikiwa na mamia ya michango ya buku mbili mbili? Mliipangaje?