Mdogo wangu anapata 10 = 10, anakosea wapi?

Mwana_Newala: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yupo kidato cha pili, Novemba ana mtihani wa taifa. Wamepewa milinganyo miwili, watafute x na y kwa njia ya kubadilisha:

2x + y = 10
3x − 2y = 1

Anapata y = 10 − 2x vizuri tu. Akiiingiza, x zote zinafutika, anabaki na 10 = 10. Jana kalia kabisa, anasema hesabu si zake. Mimi niliishia la saba. Naombeni msaada.

BintiMikindani: Pole yake. Ameirudisha y kwenye mlinganyo uleule alioitoa. Ni kumuuliza shahidi kama yeye mwenyewe kasema kweli. Atakubali, na wewe hutajua jipya. Aipeleke kwenye ule wa pili:

3x − 2(10 − 2x) = 1
3x − 20 + 4x = 1
7x = 21

x ni 3, y ni 4.

Mwana_Newala: Asante dada. Ila yeye kaandika −4x, kapata x = −21.

BintiMikindani: Hapo kwenye mabano wanateleza wengi. Mpeleke sokoni. Tuseme x ni bei ya kisado cha mbaazi na y ya kisado cha ufuta, kwa maelfu (bei za kujifunzia tu). Mbaazi viwili na ufuta kimoja ni elfu 10, kwa hiyo ufuta ni elfu 10 kasoro mbaazi viwili. Anatakiwa atoe bei ya ufuta viwili. Akikata elfu 20 nzima amekata kupita kiasi, bei ya mbaazi vinne lazima irudi. Ndiyo hiyo +4x.

Mzee_wa_Masasi: Mimi ningezidisha wa kwanza kwa 2 nikajumlisha na wa pili. y zinafutana, 7x = 21 hiyo hapo.

BintiMikindani: Kweli mzee wangu, ni fupi. Ila swali limetaja njia, aifuate asipoteze alama.

Mwana_Newala: Kapata! Kahakiki mwenyewe, 9 − 8 = 1. Sasa kahamia swali linalofuata, wa kwanza uleule na 4x + 2y = 18. Kaingiza kwenye wa pili kama ulivyosema, katoka na 20 = 18. Kaanza kununa tena.

BintiMikindani: Mwambie hajakosea popote. Mbaazi viwili na ufuta kimoja ni 10, basi vinne na viwili ni 20. Anayesema 18 anapingana na wa kwanza. Aandike: haina jibu.