Safari ya kayaki kutoka Dunga hadi Mbita kwa siku nne: je, tumepanga sawasawa?

Mpiga Kafi wa Menengai (Nakuru)

Salamu kwenu nyote, na hasa kwenu wenyeji wa ziwa. Sisi ni marafiki watano tunaoishi Nakuru. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa tumekuwa tukipiga kafi katika Ziwa Naivasha karibu kila Jumamosi, tukiingia majini asubuhi na kurejea ufuoni kabla ya chakula cha mchana, na tumefika mahali ambapo kuzunguka maji yale yale hakutoshi tena. Mwezi wa Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha, tunakusudia kusafirisha kayaki zetu kwa pikapu hadi Kisumu, tuingie majini Dunga, kisha tufuate mwambao wa kusini wa Ghuba ya Winam kupitia Kendu Bay na Homa Bay mpaka Mbita, tukilala kwenye mahema njiani.

Tuna kayaki tatu za plastiki, mbili za watu wawili wawili na moja ya mtu mmoja. Kwenye ramani, Dunga hadi Mbita kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 70, lakini tukifuata kila hori tutazidi 100. Tumeigawa safari katika siku nne: tutaondoka kila siku saa mbili asubuhi baada ya kifungua kinywa, tupumzike saa saba mchana, halafu tuendelee hadi saa kumi alasiri, ili tupate kilomita 25 hadi 30 kwa siku. Naomba ushauri kwa mambo matatu. Je, mwendo huo unawezekana tukiwa na mizigo? Tulale wapi? Na la tatu, ambalo ndilo linalowanyima usingizi wawili kati yetu: tufanyeje kuhusu viboko?

Mjukuu wa Mvuvi (Kisumu)

Ndugu Mpiga Kafi, karibuni sana kwetu. Viboko nitawaachia wengine, kwa sababu kilichonishtua mimi katika maelezo yako ni saa mlizozipanga.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto na mambo hugeuka: kuanzia adhuhuri hivi upepo huvuma kutoka ziwa kuu, upande wa magharibi na kusini-magharibi, ukaingia ghubani kama hewa itokayo kwenye mvukuto. Ninyi mnaelekea magharibi, yaani mtapambana nao uso kwa uso kila alasiri, mkiwa mmekwisha kuchoka. Tena sehemu kubwa ya ghuba haina kina kirefu, na kwa sababu hiyo mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, na hufuatana kwa karibu sana. Kabla omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, haijamaliza kushuka kutoka wimbi la kwanza, la pili limekwisha kukumwagikia mapajani. Naivasha nako upepo huamka mchana, lakini umesema mwenyewe kwamba hurejea kabla ya chakula, ndiyo maana hamjafahamiana nao.

Sahau kifungua kinywa cha saa mbili. Ingieni majini kwenye saa kumi na mbili na nusu, mara mwanga unapotosha kuona maboya ya nyavu, mkiwa mmekunywa chai na kula viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, na saa tano mwe mmekwisha kuvuta kayaki zenu mchangani. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, ambao ndio halisi kwa kayaki iliyobeba hema, maji na sufuria, hizo ni kilomita 18 hivi. Msizihesabu za alasiri hata kidogo.

La pili ni magugu maji. Tangu yalipoingia katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, hayajatuacha, na upepo huo huo wa alasiri ndio unaoyasukuma yakajazana upande wetu wa mashariki, kuanzia bandari ya Kisumu hadi pembe ya Nyakach. Miaka michache iliyopita mimi na binamu yangu tulitoka Dunga kwa mtumbwi mdogo tukielekea mdomo wa mto Nyando. Tuliona njia ya maji wazi katikati ya magugu, pana kama barabara ya magari mawili, tukaingia bila kufikiri. Hatukufika mbali upepo ukageuka, na ile njia ikajifunga nyuma yetu bila kelele yoyote. Kila kafi lilipozama lilirudi limebeba mizizi myeusi inayoning'inia kama nywele zilizolowa, na ukijaribu kusukuma kwa mkono, mmea unakubali kuzama tu, hausogei. Tulikaa humo kwa saa nne. Boti ya injini iliyokuja kututoa nayo ilizima mara mbili, magugu yakiwa yamejizungusha kwenye propela.

Kwa maoni yangu, basi, iacheni Dunga. Njooni mle samaki hapa, mpande gari, na mwingie majini Kendu Bay. Mtapoteza kilomita nyingi za matope na mafunjo ambazo hata wenyeji hatuzipigii kafi kwa starehe.

Upepo Mgongoni (Siaya)

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu upepo, lakini sioni kwa nini mshindane nao. Geuzeni safari: anzieni Mbita na mmalizie Kendu Bay. Pumzikeni asubuhi, kisha alasiri upepo uwasukume kuelekea mashariki bila jasho. Wenye mitumbwi ya tanga wamefanya hivyo miaka yote.

Mzee wa Taa (Rusinga)

Ndugu yangu wa Siaya, mtumbwi wa tanga una urefu, una uzito na una nahodha aliyezaliwa ndani yake. Kayaki yenye mzigo ni jambo jingine. Wimbi likitoka nyuma huinua tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, omo inachimba maji, na chombo kinageuka ubavu kabla mpiga kafi hajajua kimetokea nini. Wimbi linalofuata linakikuta kimekaa mkao wa kupinduliwa. Kumfundisha mtu kulipanda wimbi la nyuma ni kazi ya miezi, na hawa vijana wamezoea maji tulivu ya asubuhi. Waacheni waende magharibi, wautumie upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ambao ni mdogo lakini ni wao.

Mpiga Kafi, nimevua omena, yaani dagaa wa ziwa hili, kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo niruhusu nizungumze kuhusu mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaomvuta. Mbalamwezi ikiwa kali, taa zetu hazina kazi na wengi hukaa nyumbani. Chagueni juma la mwezi mpevu. Mtapata faida mbili: majini hamtakuwa na msongamano wa boti zinazorejea na mzigo alfajiri, wala ufuoni hamtawasumbua watu wakati wa shughuli yao nzito. Hasara yake ni kwamba hamtaziona taa zikiwa zimetanda ziwani kama mji unaoelea. Mimi mwenyewe ningelikosa hilo ningelisikitika, lakini usalama wenu ni bora.

Kuhusu kulala, kila ufuo wa wavuvi una kamati yake, ambayo kila mtu huiita BMU, na kamati ina mwenyekiti. Msitie hema mahali popote kabla ya kumwona. Mkifika, kayaki zikae majini au kwenye ukingo, mmoja wenu apande kwa miguu, asalimie, aeleze mmetoka wapi na mnaelekea wapi. Aghalabu mtapewa mahali penye mlinzi, na mtoe kitu kidogo cha shukrani. Nasisitiza habari ya kutovuta kayaki moja kwa moja kwa sababu niliwahi kuona wageni wakiburuta boti yao juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Waliona kitu cha rangi ya fedha wakadhani ni majani makavu. Ilikuwa omena ya mama mmoja, iliyoanikwa tangu asubuhi, karibu tayari kwa gunia. Sina haja ya kueleza yaliyofuata.

Sasa viboko. Mchana hukaa penye mafunjo na penye midomo ya mito, kwa hiyo pale mto Sondu unapoingia ziwani, kama mngepita, ningewaambia mkae mbali sana na matete. Msipite kamwe kati ya kiboko na maji yenye kina, kwa kuwa hicho kina ndiko anakokimbilia akishtuka, nanyi mtakuwa mmesimama mlangoni pake. Mkikaribia kona msiyoona ng'ambo yake, gongeni ubavu wa kayaki kwa kafi ili ajue mnakuja. Anayesikia mapema hujitenga. Usiku hupanda nchi kavu kula nyasi, na hapo ndipo wageni hukosea, kwani huona njia safi iliyolala kutoka majini, wakaiona kuwa mahali pazuri pa hema. Itazameni vizuri hiyo njia. Ya ng'ombe au ya mtu huwa na mfereji mmoja. Ya kiboko huwa na mifereji miwili sambamba, na katikati tuta dogo la nyasi, kwa sababu miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana mno. Mkiiona, ondokeni hapo, hata kama jua limezama.

Mamba nao wapo, hivyo vyombo visioshewe ukingoni jioni. Choteni maji kwa ndoo, mkaoshee juu.

Muuguzi wa Ziwani (Homa Bay)

Nimesoma yote na naona hakuna aliyetaja kichocho, ambacho nakiona kazini kuliko majeraha ya kiboko. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa muda wa dakika chache tu. Konokono hao hupenda maji tulivu ya kina kifupi yenye majani, yaani hapo hapo mtakapokuwa mkiteremka kutoka kwenye kayaki, na vijidudu huwa wengi zaidi jua linapokuwa kali kuelekea adhuhuri. Mkiweza, shukieni penye mchanga mtupu au mawe, msisimame majini mkipiga gumzo, na jikausheni kwa taulo mara moja. Bado mtalowa, na hilo halina aibu. Lakini msikimbilie kumeza dawa mkifika tu Nakuru. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa, si michanga, kwa hiyo nendeni kituo cha afya baada ya wiki sita hadi nane, mpimwe, mtibiwe.

Maji ya kunywa yachemsheni. Chandarua kiwe cha kila mtu, hata ndani ya hema lenye wavu, kwa kuwa kanda hii ya ziwa ina malaria nyingi na wengi wa Nakuru hawana kinga tuliyo nayo sisi tuliokulia hapa. Zungumzeni na daktari kuhusu dawa za kujikinga kabla hamjasafiri, si baada ya homa kuanza. Homa yoyote ndani ya majuma yanayofuata, mwelezeni anayewatibu kwamba mlilala ziwani.

Na jaketi za kujiokolea zivaliwe. Ukiwa umeifunga nyuma ya kiti, haikusaidii kitu ukianguka upande wa pili.

Mpiga Kafi wa Menengai (Nakuru)

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada Muuguzi. Tulikutana jana jioni, watano wote, nikawasomea majibu haya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenzetu mmoja aliguna kusikia kwamba Dunga imeondolewa, kwa kuwa alikwisha kumwambia kila mtu kazini kwamba ataondoka Kisumu kwa kafi na kufika Mbita. Hata hivyo tumekubaliana hivi. Tutaingia majini Kendu Bay juma la mwezi mpevu, tutauzunguka mlima Homa kwa asubuhi tatu, na tutamalizia Homa Bay mjini. Siku ya nne tumeiacha wazi, isiyo na kilomita yoyote, ili kukitokea upepo au dhoruba tusilazimike kutoka. Mbita itangoja mwaka mwingine.

Nimebaki na swali moja dogo. Je, kuna haja ya kuzifunga kayaki pamoja kwa kamba tukiwa majini, ili yule aliye peke yake asibaki nyuma?

Mzee wa Taa (Rusinga)

Hapana, msizifunge. Kayaki mbili zilizofungwa hupinduana, na kamba ikizama hunasa nyavu za watu. Mweke aliye peke yake atangulie, na wenye kayaki za wawili wawili wafuate mwendo wake, maana wao wana nguvu za kumfikia. Kamba bebeni, mita ishirini, ikae ndani ya kayaki ya mwisho kwa ajili ya kumvuta aliyechoka. Nyavu zenyewe mtazitambua kwa vidumu na chupa tupu zinazoelea kwa mstari. Zungukeni mwisho wa mstari, na kafi likinasa, rudini nyuma mlinasue kwa mkono, msikate.

Kila jioni tazameni utabiri wa ziwa unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, kisha mwulizeni mwenyekiti wa ufuo anauonaje. Wakitofautiana, laleni hapo hapo siku nyingine.