Wenye kisukari mnaopanda milima na kulala mahemani, tupeane uzoefu

Mguu Njiani: Wakuu, kuna mtu kauliza kama mwenye kisukari aina ya kwanza anaweza kupanda mlima, akajibiwa "kaa nyumbani". Nimekereka! Kupanda si shida, shida ni usiku wake. Misuli iliyofanya kazi kutwa huendelea kuvuta sukari hata saa 24 baadaye. Unalala na sukari 9 (mmol/L), alfajiri uko 3, imeshuka mno, jasho chapachapa. Mimi hupunguza insulini ya usiku kama daktari alivyonipangia, na glukosi nalala nayo, haikai kwenye begi. Nyie je?

Kibuyu: Kweli tupu.

Bi Mkubwa: Kwenye baridi kali insulini ikiganda, tupa. Hata ikiyeyuka ikaonekana safi, tupa. Mimi huibana kwapani.

Kibuyu: Kwapa ni nyuzi 36, Bi Mkubwa! Inayotumika isizidi 30. Mfuko wa ndani wa jaketi unatosha.

Bi Mkubwa: Kwapa langu, insulini yangu.

Msindikizaji: Sina kisukari, ila rafiki yangu anacho. Usiku namsikia anafungua zipu ya hema. Unaenda wapi? "Basi linaniacha." Basi, juu ya mlima! Nikacheka, nikajua anatania. Namulika tochi, macho hayanioni, fulana imelowa. Nampa juisi, anaisukuma: "Mimi mzima, usinipangie maisha." Katukana ukoo wangu wote. Kipimo kikaandika kosa tu kwa baridi, nikakikumbatia tumboni mpaka kikapata joto: 2.1. Mwishowe nikamwambia kondakta kasema hapandi mtu kabla ya kunywa juisi. Akanywa yote! Robo saa baadaye ananiuliza kwa nini nalia.

Kibuyu: Kondakta 😂😂 Nauli alilipa?

Chuma: Hapo ungemlaza chali ukammiminia maji ya sukari, kwisha.

Nesi wa Zamu: Chuma, usiue watu. Anayejitambua anywe mwenyewe. Aliyezimia hapewi kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mchome glukagoni (sindano ya kupandisha sukari) kama ipo, itaneni msaada.

Chuma: Babu yangu alimiminiwa na akapona.

Nesi wa Zamu: Babu yako alikuwa na bahati.

Mguu Njiani: Na glukagoni hutegemea akiba ya sukari iliyo kwenye ini. Ukitembea kutwa bila kula, au ukipiga pombe jioni, inaweza isifue dafu.

Tamtam: Mimi chokoleti tu, inanitosha.

Nesi wa Zamu: Mafuta yake huchelewesha sukari. Chini ya 3.9, glukosi gramu 15, subiri dakika 15, pima tena. Chokoleti ni ya baadaye.

Tamtam: Glukosi ina ladha ya chaki.

Kibuyu: Nawa mikono kwanza. Ukimenya tunda ukapima hapohapo, kipimo kitakudanganya uko juu.

Soksi Mbili: Mbona hakuna anayetaja miguu? Ukiwa na ganzi, lengelenge hulisikii mpaka litumbuke. Mimi kila tukisimama navua viatu. Wenzangu wananuna, wanune.

Mgeni: Natumia vidonge vya metformin tu, yananihusu?

Nesi wa Zamu: Ikiwa peke yake ni nadra kukushusha sukari mno. Glibenclamide, kidonge kingine cha kisukari, ndiyo ya kuiogopa. Miguu inakuhusu.

Bi Mkubwa: Na kwapa.