Sekunde nane za kipa: ni halali timu za vyuo kuadhibiwa kwa sheria ambayo hazikuambiwa?

Njiti Moja (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi nilikuwa kwenye nusu fainali ya bonanza la vyuo. Majina ya vyuo nayaacha, sitaki kesi. Dakika ya 83, moja moja. Kipa kadaka krosi safi, kalala nao kifudifudi, kanyanyuka taratibu, kaudunda mara mbili, kawapungia mabeki wapande. Mara kipenga. Refa ananyoosha mkono kwenye kibendera cha kona! Uwanja ukanyamaza. Hata waliopewa kona walibaki wanaangaliana, straika wao alikuwa ameshageuka anarudi kati. Ikapigwa, kichwa, wavu. Mbili moja, na ndivyo ilivyoisha.

Kocha wa waliofungwa aliingia uwanjani anapiga kelele kwamba sheria inampa kipa sekunde sita za kushika mpira na adhabu ni faulo isiyo ya moja kwa moja, siyo kona. Refa akamjibu neno moja tu, "nane", akaenda zake. Baadaye nikaambiwa kweli kuna sheria mpya. Sasa swali langu: kwenye kikao cha kabla ya mechi hakuna aliyetamka hiyo nane. Ni halali kuwahukumu wanafunzi kwa kitu ambacho hawakuambiwa? Tujadili kwa hoja, matusi bakini nayo kwenu.

Mtoto wa Ilala
Kona kwa kosa la kudaka! Msimu ujao kipa akipiga chafya ni penalti. Mkuu unahangaika bure, marefa wa mabonanza wanalipwa chapati mbili na soda, unategemea wakae wasome vitabu vya sheria? Huyo aliota tu.

Kipenga Kavu
Mtoto wa Ilala, mimi ni refa, daraja la pili, na mabonanza ya vyuo nimechezesha misimu minne. Hiyo chapati sijawahi kuiona. Mara ya mwisho nililipa bodaboda kwa hela yangu kutoka stendi mpaka uwanjani. Kadi yangu nyekundu imefifia mpaka imekuwa ya pinki, siku nimeitoa mchezaji ananiuliza, "Hii ndiyo rangi gani, mwalimu?" Posho naahidiwa "wiki ijayo" mpaka nimeacha kuuliza. Halafu wewe umelala kitandani na simu yako unatuita wala chapati. Sisi tunasoma. Wasiosoma ni makocha.

Na hakuota. IFAB, wale wanaotunga sheria za mpira duniani, walipitisha Machi 2025 kule Belfast, ikaanza kutumika Julai 1 mwaka huohuo. Kipa akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Ile ya sita imekufa na tumeshamaliza arobaini.

Mtoto wa Ilala
Basi samahani mkuu. Chapati moja.

Binti Tandika
Nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananiangalia. Lakini jamani, ile ya sekunde sita nani aliwahi kuiona ikipigwa? Mimi mpira nimeanza kuangalia nikiwa mgongoni kwa baba. Kipa anashika mpira mpaka unasahau ulikuwa unasubiri nini, na refa anamwangalia tu. Ilikuwa adhabu nzito mno: faulo ndani ya boksi, timu nzima imejipanga kwenye mstari wa goli, nani anataka balaa hilo dakika ya 90? Kona refa anaitoa bila kutetemeka. Kwa hiyo mimi naiunga mkono.

Wa Kisauni
Kwani hao IFAB ni akina nani wa kutupangia? Nasikia Waingereza pekee wana kura nusu nzima. Ukoloni huo mwaambiwa ni mpira.

Mwalimu wa Zamu
Wa Kisauni, si Waingereza pekee. Ni vyama vinne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kila kimoja kura moja. FIFA ana nne. Sheria ikipita lazima ipate sita, hivyo hao wanne hawawezi kitu bila FIFA, wala FIFA bila wawili wao.

Wa Kisauni
Ndiyo nilivyosema. Nusu.

Jangwani Damu
Kipenga Kavu unasema marefa mnasoma. Yule wa Pretoria alisoma nini? Lile la Aziz Ki wa Yanga yetu, walilolikataa, lilikuwa goli. Nimemaliza.

Mnyama Halisi
Mtu anaulizwa habari za kipa wa chuo, anajibu Pretoria! Na mikwaju ya penalti nayo alipiga refa?

Jangwani Damu
Usiniguse hapo. Sifuri kwa Mkapa, sifuri uwanja wa Loftus kule Pretoria, mechi mbili Mamelodi Sundowns hawajatufunga. Mpira umegonga mwamba umedundia ndani, dunia nzima imeona. Refa hata kwenye televisheni ya pembeni mwa uwanja hakwenda kuangalia marudio! Aprili 5, 2024, mimi hiyo ni tarehe ya msiba. Na wewe na Simba yako siku hiyohiyo mlikuwa Cairo mnapigwa mbili na Al Ahly, kwa hiyo tulia.

Mnyama Halisi
Mbili halali. Sisi tukifungwa tunalala. Nyie mkifungwa mnafungua faili.

Kipenga Kavu
Nilijua tutafika huku. Jangwani Damu, ngoja nikueleze, ukitaka kuelewa utaelewa. Refa hakulazimika kwenda kwenye televisheni. Ile inatumika kwa mambo ya kupima: faulo ilikuwa kali kiasi gani, mkono ulikuwa sehemu isiyostahili au la. Mpira kuvuka mstari ni jambo la ndiyo au hapana, watu wa VAR, marefa wanaoangalia video, wanaweza kumwambia sikioni yakaisha. Kosa lao, kama lipo, ni la chumba cha VAR, siyo la miguu ya refa.

Pili, goli ni mpira WOTE kuvuka mstari WOTE. Ukibaki hata ukingo tu juu ya mstari, hapana. Chukua chungwa uliweke ukingoni mwa meza yako. Liangalie ukiwa umesimama mlangoni, utaapa limeshatoka nje ya meza. Nenda juu yake uchungulie, utakuta bado lipo. Kamera ya Loftus ilikuwa mlangoni.

Jangwani Damu
Chungwa! Watu milioni ngapi tumelia, unatuletea chungwa. Bora zile chapati.

Binti Tandika
Nimejaribu la chungwa. Kaka yuko sahihi. Ila nimelila kabla sijachungulia mara ya pili.

Jangwani Damu
Dada, hata wewe? Basi kama ni jambo la ndiyo au hapana, kwa nini hawakutuonyesha picha ya juu? Hilo nijibu. Mnatuambia "niamini". Mimi refa simwamini hata akiniambia saa ngapi.

Kipenga Kavu
Hilo la picha nakubaliana nawe. Wangeitoa picha iliyoamua, hata kama ni mbaya, kelele zingepungua.

Mnyama Halisi
Zisingepungua. Ningekuwa mimi pia nisingenyamaza, leo nasema ukweli.

Mwalimu wa Zamu
Turudi kwa huyu kijana wa chuo, maana ameuliza swali zuri na hakuna aliyemjibu. Kutojua sheria si utetezi, hilo wazi. Bonanza nalo halichagui sheria za kufuata. Zipo chache ambazo IFAB wanaruhusu kurekebishwa kwa vijana, wakongwe, watu wenye ulemavu na mpira wa mitaani: urefu wa mechi, ukubwa wa uwanja, mchezaji aliyetoka kurudi. Sekunde za kipa hazimo. Kwa hiyo kikao kukaa kimya si hoja, ni aibu tu ya waandaaji.

Lakini kuna mlango mwingine. Kwenye mpira kuna uamuzi wa jambo lililotokea, huo ni wa mwisho hata kama refa kakosea. Na kuna refa kuikosea sheria yenyewe, huo unaweza kukatiwa rufaa. Kulikuwa na mechi ya kufuzu Kombe la Dunia 2006, Kazakhstan nadhani, refa Mjapani. Wamepiga penalti wamefunga, kumbe mwenzao ameingia boksi mapema. Sheria inasema irudiwe. Yeye akawapa wapinzani faulo. FIFA wakafuta mechi nzima.

Wa Kisauni
Uzbekistan, mwalimu, si Kazakhstan. Walicheza na Bahrain Tashkent, Septemba 2005. Na utamu wa hadithi umeuacha: Uzbekistan walikuwa WAMESHINDA moja bila, na ndio waliokata rufaa! Walitaka wapewe tatu bila ya mezani. FIFA wakawaambia haya, rudieni. Marudio moja moja, kule Bahrain sifuri sifuri, Bahrain wakapita kwa goli la ugenini. Tamaa mbele, mauti nyuma. Shemeji yangu wa Muscat hukisimulia hicho kisa kila Ramadhani.

Mtoto wa Ilala
Kumbe unaweza kushinda ukajikatia rufaa mwenyewe. Hao walistahili.

Kipenga Kavu
Mwalimu amegusa penyewe. Sasa Njiti Moja, nijibu vitu vitatu bila kupamba. Moja: refa alianza kuhesabu lini? Hesabu haianzi mpira unapogusa glovu. Inaanza kipa akishaudhibiti kabisa na hakuna adui anayemzonga. Mbili: sekunde tano za mwisho alinyoosha mkono juu akakunja kidole kimoja kimoja? Hiyo ndiyo taratibu, ili kipa na uwanja mzima waone. Tatu: kona ilipigwa upande gani, na kipa alikuwa amesimama wapi?

Njiti Moja
Ya kwanza sijui. Ya pili, hakunyoosha. Mkono wa kulia ulikuwa kiunoni, wa kushoto anaangalia saa, halafu kipenga. Ya tatu, kipa alikuwa kulia kwake, karibu kabisa na kona ya boksi dogo. Kona ikapigwa kushoto kwa sababu mpira uliviringika huko.

Kipenga Kavu
Aisee.

Mtoto wa Ilala
Chapati zinarudi mezani!

Kipenga Kavu
Tulia wewe. Kona inapigwa upande uliokuwa karibu na kipa wakati wa kosa. Hapo alikosea, simtetei. Mkono kutonyanyuliwa nako ni kosa, sisi tumefundishwa hivyo kwa vitendo, tumesimama mstarini tunakunja vidole kama watoto wa chekechea. Lakini mkono ni wa kutoa taarifa. Sekunde nane zimepita hata kama hukuuona mkono.

Binti Tandika
Hapana kaka, hapo nakukatalia. Dereva akigeuka bila indiketa halafu akanigonga, utaniambia ameshageuka basi? Mkono ndiyo indiketa. Kipa angeuona angeupiga mpira.

Kipenga Kavu
Dada, indiketa ni barabarani. Na refa hawezi kubadili uamuzi mchezo ukishaanza tena. Kona ikishapigwa, imepigwa.

Binti Tandika
Kubadili yeye hawezi. Kamati inaweza. Mwalimu amekwambia hapo juu, ila umeruka.

Mwalimu wa Zamu
Mimi ningekata rufaa kwa upande wa kona tu. Mkono mtabishana mpaka alfajiri, upande ni kitu kinachoonekana. Ingawa hata hapo kamati itasema kona kushoto au kulia, waliopewa ni walewale, hakuna aliyeonewa.

Jangwani Damu
Wana video?

Mnyama Halisi
Ndiyo hivyo mtu anapona. Ameuliza swali la maana kwa mara ya kwanza leo.

Njiti Moja
Video ipo ya simu, lakini aliyepiga alikuwa anamfuata straika. Kipa haonekani, anasikika tu anasema "pandeni, pandeni".

Binti Tandika
Njiti Moja, hebu kwanza. Umejua kipa kaudunda mara mbili. Umejua alisimama wapi. Umejua refa mkono upi uko kiunoni na upi una saa. Na kwenye uwanja wa chuo watazamaji wanasimama nyuma ya goli lile lenye miembe, huwezi kuyaona yote hayo. Wewe ulikuwa umekaa wapi?

Njiti Moja
Benchi.

Mtoto wa Ilala
HAHAHAHA. Kipa!

Njiti Moja
Kipa wa akiba. Sikucheza. Ndiyo maana sikusema mwanzo, mngesema naleta ushabiki.

Kipenga Kavu
Kipa wa akiba hana la kufanya benchi zaidi ya kumwangalia kipa mwenzake. Ulihesabu?

Njiti Moja
Nilihesabu.

Kipenga Kavu
Ngapi?

Njiti Moja
Kumi na moja. Lakini mimi nahesabu haraka, na nilianzia akiwa bado amelala.

Mnyama Halisi
Na hukumpigia kelele aupige?

Njiti Moja
Mkuu, na mimi nilikuwa sijui kama kuna nane. Nilikuwa nahesabu sita, ilipopita bila kitu nikajua yameisha. Kocha anataka kila mchezaji atoe elfu tano ya ada ya rufaa mpaka Jumatano saa kumi. Mimi wa benchi naambiwa nami nitoe.

Mwalimu wa Zamu
Elfu tano yako itafaa zaidi kwa nauli. Ila ukitoa, andika upande wa kona peke yake, na usiwaambie ile kumi na moja.

Jangwani Damu
Kipenga Kavu hajanijibu la picha ya juu.