Node-RED: naitoaje komponenti yangu ya kupima maji ya tanki ili mwenzangu aitumie kwake?

mkonge_umeme (Ngamiani, Tanga)
Habari za saa hizi wakuu. Nafunga vipimo vya maji kwenye matanki ya nyumba za wapangaji hapa Ngamiani, maana tanki moja watu wengi na kila mtu anataka ajue maji yamebaki kiasi gani kabla hajaanza kufua. Juu ya mfuniko naweka sensa ya ultrasoniki JSN-SR04T, inaungwa kwenye ESP32 (kibodi kidogo chenye WiFi), ile ESP32 inatuma umbali kwa sentimita kwa njia ya MQTT (mfumo wa vifaa kutumiana ujumbe) mpaka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoko ndani, na huko Node-RED, programu ya kuunga kazi kwa kuburuta viboksi, ndo inapiga hesabu ya asilimia.

Zile nodi za hesabu, yaani vile viboksi vya kazi, nimezikusanya nikazifanya Subflow, kiboksi kimoja safi naburuta tu. Shida zangu mbili. Ya kwanza, nikibadilisha kimo cha tanki kwenye kiboksi kimoja na vingine vyote vinabadilika, wakati matanki hayalingani, moja fupi jingine refu. Ya pili kuna mwenzangu yuko Muheza nataka nimpe hii kitu naye aitumie, nimemtumia faili lake la JSON akaliingiza, ila nodi mbili zikamjia zimezungukwa na mistari ya vidoti na hazifanyi kazi. Mnaitoaje komponenti ikafika kwa mtu nzima nzima?

fundi_chumbageni
Mkuu hapo kwenye la kwanza unaandika kimo ndani ya Subflow yenyewe, na ya ndani ni moja tu, vile viboksi vyote vinaisoma hiyo hiyo. Ni kama pata ya fundi cherehani, karatasi moja anakatia mashati yote ila vipimo anavichukua kwa kila mteja. Sasa vipimo vyako vitoe nje.

Fungua Subflow, kule juu bonyeza "edit properties", halafu ongeza vitu viwili, KIMO na NAFASI. KIMO ni kina cha maji tanki likijaa, NAFASI ni umbali toka kwenye sensa mpaka usawa wa maji yaliyojaa. Ndani kwenye nodi ya function andika hivi:

const kimo = Number(env.get("KIMO"));
const nafasi = Number(env.get("NAFASI"));
msg.payload = (kimo + nafasi - msg.payload) / kimo * 100;
return msg;

Ukishamaliza, ukibonyeza kiboksi chochote mara mbili unakuta sehemu ya kujaza KIMO na NAFASI za tanki lile peke yake. Mfano KIMO 120, NAFASI 25, sensa ikisoma 85 unapata asilimia 50. NAFASI usiifanye ndogo, ile sensa chini ya kama sentimita 20 haioni kitu, na tanki likijaa ndo itaanza kukupa namba za ajabu.

Na kitu kingine hujauliza ila nakwambia, kama hiyo sensa unaipa volti 5 basi waya wake wa echo nao unatoa volti 5, na ESP32 miguu yake ni ya 3.3. Weka rezista mbili za kugawa volti, 1k na 2k, kabla hujaiunguza.

dada_pangani
Naongezea hapo kwenye kutoa. Kaka, ile mistari ya vidoti maana yake kwake hakuna aina hiyo ya nodi, nna hakika umeweka geji ya dashboard, ile ya kuonyesha asilimia kwenye skrini, humo ndani ya Subflow. JSON inabeba mpangilio na waya, haibebi zile nodi za ziada ulizoshusha kwenye palette (orodha ya nodi), hizo na yeye inabidi azishushe kwake. Mimi huwa naona bora geji zikae nje kabisa, ndani ibaki hesabu tu na nodi za asili ambazo kila mwenye Node-RED anazo, hapo hamna mtu ataingiza ikagoma.

Nodi ya MQTT nayo itoe nje. Ikibaki ndani inasafiri na anwani ya broka wako, ile seva inayopokea na kugawa ujumbe wa MQTT, yeye wa Muheza atakuwa anatafuta broka ya Ngamiani asiipate. Paswedi haziendi, Node-RED inazitunza kwenye faili la pembeni, ila anwani inakwenda.

Kutoa sasa: kwenye karatasi ya kawaida weka kiboksi chako kimoja, kichague, bonyeza Ctrl+E, hakikisha iko kwenye "selected nodes", kisha Download. Ukichagua kiboksi, Subflow yake yote inafuatana nacho, huna haja ya kuingia ndani kuchagua nodi moja moja. Na mwenzako anaingiza kwa Ctrl+I.

mkonge_umeme (Ngamiani, Tanga)
Dada asante sana, kweli geji ilikuwa ndani, na KIMO imekubali kila tanki na lake. Sasa nikiweka matanki mawili asilimia zinarukaruka, mara 80 mara 30, nikibakisha moja inatulia. Natunza vipimo 5 vya mwisho kwenye global, ile kumbukumbu ya Node-RED, ili nipate cha katikati.

fundi_chumbageni
Ndo hiyo global mkuu. Global ni ya Node-RED nzima, matanki yote mawili yanamwaga namba sehemu moja. Weka flow.get na flow.set, ukiwa ndani ya Subflow ile flow ni ya kiboksi hicho tu, havichanganyi.

mwambao_kodi (Bagamoyo)
Kama mtakuwa watu wengi wa kuitumia, ifanyeni moduli kamili, toka Node-RED 1.3 inawezekana. Kwenye edit properties kuna sehemu ya moduli, unajaza jina, toleo na leseni. Ukishaitoa JSON, unachukua kile kipande cha Subflow na zile nodi zake unaziweka ndani yake kwenye "flow", unaandika faili dogo la js lenye RED.nodes.registerSubflow, na package.json, halafu amri ya npm pack inakupa faili moja la .tgz lililofungashwa vyote. Hilo hata kwa flashi linakwenda, mwenzako analipandisha kwenye palette na anaiona kama nodi nyingine yoyote, ila ndani haigusi.

Ila kwa watu wawili JSON inatosha kabisa, usijichoshe. La kuangalia ni siku utakayorekebisha ukamtumia tena. Node-RED yake itamwambia nodi nyingine tayari zipo, asikimbilie "import copy" maana atakuwa na Subflow mbili za jina moja na viboksi vyake vyote vimebaki kwenye ile ya zamani. Abonyeze "view nodes", aitie tiki ile Subflow peke yake na aweke replace, viboksi alivyokwisha vijaza KIMO na NAFASI asiviguse, vitabaki na vipimo vyake.