Naomba ushauri: vifaa vya kuanza kujaza upya maganda ya risasi nyumbani

Mlenga_Shabaha (mwanzilishi wa uzi)
Wakuu, habari za wakati huu. Ninaishi Fort Worth, Texas, na ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Risasi za bastola ya milimita 9 zinanimalizia fedha, na maganda matupu niliyookota uwanjani yamejaa ndoo gerejini. Nimeamua kuanza kuyajaza upya mwenyewe, jambo ambalo sheria za hapa zinaruhusu kwa matumizi binafsi. Tatizo ni vifaa. Kuna presi (mashine ya kujazia) ya hatua moja, ambayo kila ukivuta mpini inafanya kazi moja tu kwa ganda moja. Kuna yenye kichwa kinachozunguka. Na kuna ya mfululizo, ambayo ikishajaa, kila mvuto wa mpini unadondosha risasi kamili. Nichukue ipi, na mizani ya aina gani? Naomba majibu ya haraka, kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi.

FundiMizani
Ndugu, mimi niko Arizona na kazi hii naifanya kwa miaka mingi. Kabla ya presi, nunua kitabu cha vipimo, cha Lyman au cha Hornady, ukisome mpaka uelewe kwa nini kila baruti ina kiwango cha kuanzia na kiwango cha mwisho. Kisha nunua presi ya hatua moja iliyo imara, kama Rock Chucker ya RCBS. Kwa kalibu, yaani vyombo vinavyofungwa kwenye presi kurekebisha umbo la ganda na kukaza kichwa cha risasi, chukua zenye pete ngumu ya kabaidi, kwa kuwa ganda lililonyooka la bastola halitahitaji kupakwa mafuta. Mizani ya boriti haina haraka, lakini pia haina betri ya kuisha wala haiyumbishwi na taa za gereji. Ukichagua ya dijitali, nunua na mawe ya kuihakikisha. Ongeza kalipa ya kupimia urefu wa risasi iliyokamilika, na miwani ya kukinga macho.

Mwana wa Sikonge
Umenikumbusha marehemu babu yangu kule Tabora. Alikuwa na gobore, na baruti aliipima kwa kiganja, akaimimina mdomoni mwa mtutu, akashindilia kwa ufito, kisha goroli, na mwisho fataki, ile kofia ndogo inayowasha baruti. Siku moja wajukuu tulimpigia kelele katikati ya kazi, naye akasahau kwamba alikwishamimina, akamimina tena. Gobore lilipolia, kitako kilimwangusha chali, na nyusi zake hazikuwahi kuota sawasawa tangu siku ile. Nyama hatukula.

Mama Tausi
Mwanangu, umeuliza presi, nami nakuuliza watoto. Masalia ya fataki yana risasi, yaani ile madini yenye sumu, na vumbi la kusafishia maganda huganda kwenye nguo na mikono. Hapo gerejini hakuna kula, hakuna kunywa, na nguo hizo hazifuliwi pamoja na za watoto. Halafu una karatasi za ukaazi wa kudumu? Mtu aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida haimruhusu kushika hata risasi moja, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji.

Mlenga_Shabaha
Nashukuru, mama. Karatasi za ukaazi wa kudumu ninazo, na gereji ina kufuli. FundiMizani, nimekuelewa, ila presi ya hatua moja itanichelewesha mno. Nimeiona presi ya mfululizo, Dillon XL 750 iliyotumika, kwa bei nzuri, na ukweli ni kwamba nimekwishaweka malipo ya awali, inafika Ijumaa. Nilitaka tu kuthibitisha kwamba sikukosea.

Kakakuona
Mkuu, hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba vigelegele. Huku kwetu Nairobi, ukikutwa na risasi moja bila kibali, utakayemwomba ushauri ni wakili.

FundiMizani
Mashine hiyo ni nzuri. Ina vituo vitano na sahani yake inayoshika maganda hujizungusha yenyewe, na ndiyo maana siipendi kwa mtu anayeanza. Mambo matano yanatokea kwa mvuto mmoja, na jicho bado halijajua kutazama hata moja. Baadhi ya baruti za bastola huchukua nafasi ndogo sana ndani ya ganda, kiasi kwamba vipimo viwili huingia bila kumwagika, na hapo bastola inaweza kupasukia mkononi. Baruti isipoingia kabisa, fataki pekee husukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ndiyo inayopasua mtutu. Sasa nijibu: mtu anayepiga Jumamosi peke yake ana haraka ya nini?

Mlenga_Shabaha
Sipigi peke yangu. Kuna wenzangu wa klabu, Wakenya na Wakongo, ambao wamekubali kuchukua kwangu kwa bei iliyo chini ya ile ya dukani. Wengine wamekwishanipa fedha ya fataki na baruti. Sikuona haja ya kulitaja hilo kwa sababu swali langu lilihusu vifaa, na faida yenyewe ni ndogo, karibu ni msaada.

FundiMizani
Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni, lakini kutengeneza risasi kwa ajili ya kuuza kama biashara kunahitaji leseni ya shirikisho kutoka ATF, idara inayosimamia silaha, ile ya aina ya 06. Ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu, hivyo kikwazo si bei. Baada ya hapo kuna kodi ya asilimia 11 kwa mtengenezaji, na kuna bima, kwa sababu siku bastola ya mwenzako itakapopasuka, hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa unasaidia.

Mlenga_Shabaha
Nimekusikia, lakini hawa ni ndugu, tunazikana. Siwezi kuwarudishia fedha na kuwaambia kwamba nimeogopa. Isitoshe, watu wengi hapa hujaziana na hakuna aliyekamatwa.

Mpenda Ukweli
Samahani wanajukwaa, naomba tusimame kidogo. Mwezi uliopita ndugu huyu huyu alikuwa akiomba ushauri wa kufuga kuku wa mayai Kigamboni, na alieleza kwa kirefu jinsi banda lake linavyovuja. Leo ana gereji Texas, presi ya vituo vitano na wateja. Ninavyoona, hadithi hii imetungwa na mtu aliyesoma matangazo ya bidhaa. Kama maganda hayo yapo, chota machache kwenye ndoo, uyageuze, utuambie kitakoni pameandikwa nini.

Kakakuona
Huenda kuku ndio wanaotaga risasi.

Mlenga_Shabaha
Kuku ni wa mama yangu, nami ndiye ninayetuma fedha. Nimekwenda gerejini sasa hivi. Mengi yameandikwa WIN 9MM LUGER, mengine FC, mengine BLAZER. Kuna yaliyoandikwa WCC pamoja na duara lenye msalaba ndani yake, na fataki yake imezungukwa na mfereji mwembamba, kana kwamba chuma kimebanwa kuizuia isitoke. Machache ni ya rangi ya kijivu na yananata kwenye sumaku. Nikiyamulika ndani kwa tochi ninaona matundu mawili madogo badala ya moja. Mpenda Ukweli, natumaini umeridhika.

Mpenda Ukweli
Maganda yapo, nakubali. La kuku bado linanisumbua.

FundiMizani
Mimi nimeridhika, tena umetupa taarifa kuliko ulivyokusudia. Yenye matundu mawili ni ya mfumo wa Berdan, na sindano ya kalibu yako inayosukuma nje fataki ya zamani, iliyotengenezwa kwa tundu moja la katikati la mfumo wa Boxer, itapinda au kukatika. Yatupe. Yenye duara na msalaba ni ya kiwango cha NATO; ukishatoa fataki ya zamani, ule mbano lazima uondolewe kwa kifaa maalumu, la sivyo fataki mpya itaingia upande na kupondeka. Sasa fikiria mashine yako: fataki zinasimama kwenye mrija, hadi 100 zikiwa zimepandana, kando ya uso wako. Moja ikilipuka kwa kulazimishwa, inaweza kuziwasha zote. Kwa presi ya hatua moja ungehisi ukinzani mkononi ukaacha. Chambua ndoo hiyo ganda kwa ganda kabla ya Ijumaa.

Mama Tausi
Na baruti isikae gerejini majira ya joto ya Texas yakianza. Inataka mahali pakavu pasipo na joto, ndani ya kopo lake la asili, mbali na fataki.

Mlenga_Shabaha
Nimefikia hivi. Presi siirudishi, lakini kwa miezi ya mwanzo nitaitumia kwa ganda moja moja, likipita vituo vyote ndipo liingie lingine, na kila kipimo nitakipeleka kwenye mizani. Kuhusu wenzangu, kila mmoja atakuja na maganda yake, baruti yake na fataki zake, na mpini atauvuta mwenyewe. Fedha walizonipa nitawanunulia vitu vyao niwakabidhi pamoja na risiti.

FundiMizani
Kwa ganda moja moja mashine hiyo inafundishika. Usiwatoze wenzako hata ya chai, na aanzaye kuzungumza wakati mwenzake anavuta mpini atoke nje. Mwulize muuzaji sahani na kipimia baruti vimefungwa kwa ukubwa gani wa risasi.

Mlenga_Shabaha
Tangazo lake linasema .45, si milimita 9 kama yangu. Je, hilo lina tatizo?