Marufuku ya kompyuta ya 1974: ilitunyima utoto, au tunalilia cha wenzetu?

Mtoa mada, Shangani, Mtwara
Wadau, poleni na msimu. Juzi nimetembelewa na binamu yangu aliyekulia Uingereza. Akanionyesha kwenye simu picha ya kompyuta ya utotoni kwao, ZX Spectrum ya 1982, kidude cheusi chenye vitufe vya mpira. Kumbukumbu yake kilobaiti 48. Picha moja tu ya harusi mnayotumiana humu ni nzito kuliko hiyo. Gemu lilikaa kwenye kaseti kama za taarabu. Unaweka kaseti kwenye redio, inapiga kelele kama panya wamebanwa na mlango, unasubiri dakika kadhaa, na ikigoma mwishoni unarudisha mkanda unaanza upya. Binamu anasimulia huku machozi yanamlengalenga.

Mimi nimezaliwa 1974, mwaka uleule serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Sina cha kusimulia. Mtoto wa kule akiwasha mashine anakutana na BASIC, lugha ya kuipa kompyuta amri, anaandika mistari miwili na kompyuta inamtii. Mimi kibodi nimeigusa nina ndevu. Nasema ile marufuku ilitunyima kizazi kizima. Anayebisha abishe.

Mhasibu mstaafu, Lindi mjini
Nabisha. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965, kwa hiyo msiseme watu walikuwa hawaijui. Hesabu za serikali zilipopelekwa kwenye mashine mambo yakavurugika, na fedha za kigeni zikateketea wakati nchi haina za kuchezea. Ndipo ikaja 1974. Na haikuwa kufuli moja kwa moja: taasisi iliyojieleza ikaeleweka ilipewa kibali.

Halafu kijana, hiyo Spectrum haina kioo chake. Inachomekwa kwenye televisheni. Huku Bara kituo cha kwanza cha televisheni kimeanza 1994. Sasa baba yako angeichomeka wapi, kwenye karabai?

Mtoa mada
Shikamoo mzee. Lakini televisheni nayo ilikuwa ndani ya marufuku hiyohiyo! Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Huwezi kumnyima mtu sufuria, ukamnyima na unga, halafu ukamwambia hata ningekupa unga ungepikia nini.

Mhasibu mstaafu, Lindi mjini
Marahaba. Hapo kwenye sufuria umenipata kidogo. Kwenye umeme bado sijakuachia.

Fundi, Chikongola
Nyote mnabishania kompyuta ya Mwingereza. Mmesahau ile tuliyokuwa nayo sisi.

Mwisho wa miaka ya 90, korosho zikiuzwa, kulikuwa na mashine za Kichina zinaingia kwa meli, maana kabla ya Daraja la Mkapa 2003 masika ikikolea barabara ya Dar ilikuwa ya kuombea dua. Ina kibodi kamili, pedi mbili za kuchezea, na mdomo wa kuchomekea kanda, kile kisanduku cha plastiki chenye magemu. Baba ananunua akiambiwa ni kompyuta ya masomo. Ndani yake ni nakala ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani, ya 1983. Masomo gani sasa? Contra, gemu la askari na risasi, usiku kucha. Siri yake ni vitufe: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, unapewa maisha 30. Mtaa mzima walijua, hata asiyejua kusoma.

Umeme wa jenereta la dizeli, gesi ya Mnazi Bay ilikuwa bado. Umefika kwa adui wa mwisho, giza. Hakuna kuhifadhi ulipofikia, kesho unaanza mwanzo. Nimeona watu wazima wakilia.

Ila hiki ndicho nilichotaka kusema. Kwenye kanda iliyokuja na mashine kulikuwa na BASIC. Ile ile anayoililia mtoa mada! Nimekuja kuigundua baadaye nikiwa fundi, nasafisha miguu ya kanda kwa spiriti. Ilikuwa sebuleni kwetu miaka yote. Kitabu chake kilikuwa cha Kichina, mwalimu hakuna, sisi tulikuwa tunapita tu kwenda kutafuta gemu la vifaru vya vita. Kwa hiyo mambo ya 1974 mimi hayaniingii. Marufuku ilikuwa imeshakwisha, mashine ipo, na bado hatukuandika hata mstari mmoja.

Mama wa Mikindani
"Mtaa mzima walijua." Mtaa wa wavulana, kaka fundi. Kwetu pedi ya pili alishika mtoto wa jirani, mimi nilitumwa maji. Nimecheza siku moja, kaka yangu akiwa na malaria. Nilimshinda rekodi yake ya vifaru, akaamka akasema mashine imeharibika.

Kijana, Chuno
Wazee, Contra ipo kwenye simu bure. Mnalia nini?

Fundi, Chikongola
Ya kwenye simu haizimiki umeme. Hujui utamu.

Mtoa mada
Fundi, umenivuruga. Nilikuja na kesi dhidi ya serikali, sasa naona na mimi nina la kujibu, maana hata kwa shemeji ile mashine ilikuwepo na nilicheza. Bado nasema kama 1982 tungekuwa na walimu wanaoijua, kile kitabu cha Kichina kingepata mtu wa kukifungua. Walimu hao ndio marufuku iliwakata. Unayo bado?

Fundi, Chikongola
Ipo, na kanda ya BASIC ipo. Adapta imekufa, na TV hizi bapa zinaikataa picha yake.

Mhasibu mstaafu, Lindi mjini
Mimi nina TV ya chogo, inawaka. Jumamosi nakuja Mtwara kliniki, nitaipakia.

Fundi, Chikongola
Karibu mzee. Sharti moja: mtu asipulize kanda. Mate yenu ndiyo yaliyoziozesha zile nyingine.

Mama wa Mikindani
Nakuja. Pedi ya kwanza ni yangu.